Jinsi ya Kuandaa Onyesho la Filamu na Mjadala wa Sheria kuhusu Ubaguzi Kazini: Mwongozo kwa Waandaaji wa Kigoma

Mfanyakazi aliyeachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito, ulemavu, umri au kabila lake ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita CMA, na kwa migogoro mingine ya kazi muda ni siku 60. Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu waandaaji wengi wa maonyesho ya filamu za haki huianza kazi upande wa pili: hutafuta filamu ya kusikitisha, hukodi ukumbi, huwaliza watu, kisha huwaaga kwa soda na picha ya pamoja. Katika mwongozo huu kila hatua, kuanzia kuchagua filamu hadi kupanga meza mlangoni, inapimwa kwa swali moja: je, yule aliyejiona kwenye filamu ataondoka ukumbini akijua aende wapi na kabla ya tarehe gani?

Hatua ya kwanza: amua unamwitia nani, na kwa jambo gani

Sheria kuu hapa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, na moyo wa mjadala wenu ni kifungu cha 7. Kifungu hicho kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa misingi ya rangi, utaifa, kabila au mahali anapotoka, asili ya kijamii, maoni ya kisiasa, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri, na mingine iliyotajwa humo. Orodha ni ndefu, na mwandaaji anayetaka kuimaliza yote kwa jioni moja hataimaliza hata moja. Chagua misingi miwili, isizidi mitatu, inayowagusa watu utakaowaalika.

Kwa Kigoma, mimi ningeanza na mahali mtu anapotoka. Mkoa huu una historia yake katika jambo hilo: enzi za ukoloni wanaume wa hapa walipakiwa kwenye treni kwenda mashamba ya mkonge kama manamba, na dhana kwamba Muha ni mtu wa kazi ngumu na ujira mdogo haikushuka yote kwenye behewa. Ipo pia ile kadhia ya mpakani. Mwombaji wa kazi mwenye jina au lafudhi ya huku huulizwa vyeti vya babu yake, ilhali mwenzake aliyetoka mkoa mwingine huulizwa kitambulisho cha taifa tu. Ni vema mzungumzaji aitenganishe kwa makini: sheria inamruhusu mwajiri kutoa kipaumbele kwa raia kwa mujibu wa sheria za ajira, na ajira ya mgeni ina sheria yake ya mwaka 2015 inayodai kibali. Lakini kumtilia shaka raia kwa sababu ya kabila lake, kisha kumnyima kazi kwa shaka hiyo, ni jambo jingine kabisa, nalo limo ndani ya kifungu cha 7.

Msingi wa pili ningeuchukua kwenye ujauzito, maana ndio unaozungumzwa kwa sauti ya chini zaidi. Ulemavu nao una uzito wake, kwa kuwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wenye sifa wasiopungua asilimia 3, na ni waajiri wachache sana wanaoulizwa swali hilo hadharani.

Waelezeni walengwa tangu kwenye mwaliko kwamba sheria hii ni ya Tanzania Bara, na kwamba sehemu yake kubwa haiwahusu walio katika utumishi wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, ingawa kifungu cha 7 chenyewe kinawahusu. Watumishi wa umma wanahusika, ila wao hutakiwa kwanza kumaliza ngazi za rufaa zilizowekwa na sheria za utumishi wa umma kabla ya kwenda kwingine. Mwalimu au muuguzi akiambiwa akimbilie CMA siku inayofuata, atazungushwa bure, na lawama itakurudia wewe.

Hatua ya pili: filamu

Filamu ya makala inayofaa ni fupi. Dakika 30 hadi 40 zinatosha, kwa sababu ikizidi hapo watu watakuwa wamechoka mjadala unapoanza, na mjadala ndio uliowaleta. Kama filamu ni ndefu, mwombe mwenye haki idhini ya kuonyesha sehemu tu. Idhini hiyo ni ya lazima hata kwa filamu nzima: kuwa na nakala kwenye flashi hakukupi haki ya kuionyesha mbele ya umma, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Aidha, maonyesho ya filamu kwa umma yanasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976, kupitia Bodi ya Filamu Tanzania. Hivyo, mapema kabisa, mwone afisa utamaduni wa manispaa akuelekeze utaratibu wa kibali na upangaji wa madaraja. Usiliache hili hadi wiki ya mwisho ukidhani onyesho dogo halionekani. Kigoma ni mji ambao tangazo moja la msikitini au kanisani humfikia kila mtu.

Filamu nyingi zilizopo kuhusu jambo hili zinatoka nje, hasa Marekani na Uingereza, na hapo kuna mtego. Mtazamaji anaweza kuondoka akidhani sheria ya huko ndiyo ya kwetu. Lakini mtego huo unaweza kugeuzwa kuwa darasa. Chukua kisa cha Lilly Ledbetter, mwanamke wa jimbo la Alabama aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha matairi kwa karibu miaka 19, akagundua kwa karatasi isiyo na jina kwamba wanaume wa cheo chake walikuwa wakilipwa zaidi yake. Baraza la raia walioketi kusikiliza kesi yake katika mahakama ya kwanza lilimpa ushindi, lakini mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba alichelewa, kwa sababu siku 180 za kupeleka malalamiko zilihesabiwa tangu mwajiri alipoamua kumlipa pungufu, wala si tangu alipojua. Mwaka 2009 Bunge la huko lilitunga sheria iliyofanya kila mshahara wenye ubaguzi uanzishe hesabu upya. Ukikisimulia kisa hicho, ukumbi utatulia. Hapo mzungumzaji aseme: wao walikuwa na siku 180, sisi tuna 60, na aliyeachishwa kazi ana 30.

Kama sauti ya filamu ni Kiingereza na hakuna maandishi ya Kiswahili chini ya picha, usitegemee mtu wa kutafsiri papo hapo huku filamu ikiendelea. Simamisha filamu mara tatu au nne, ueleze kwa ufupi, uendelee. Ni afadhali picha ikatike kuliko maana ipotee.

Hatua ya tatu: siku, saa na mahali

Ukitaka wavuvi na wakaushaji wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, tazama mwezi kabla ya kutazama kalenda ya ofisini. Katika siku za mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, kwa hiyo wengi hupumzika, na hizo ndizo siku zako. Onyesho likiwekwa kwenye giza la mwezi litapata wenye viti na meza pekee. Kwa Ujiji na Mwanga, epuka Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi, na panga kuanza saa tisa alasiri ili kinamama wafike nyumbani kabla giza halijaingia. Ukumbi wenye madirisha makubwa utahitaji mapazia mazito, maana picha ya projekta haionekani kwenye jua la alasiri. Jenereta liwepo na lijaribiwe, hata kama umeme umekuwa mzuri mwezi mzima. Mwenyekiti wa mtaa na polisi wapate taarifa ya maandishi mapema.

Kuhusu mahali nina neno moja, na nililipata kwa gharama. Onyesho la kwanza nililosaidia kuandaa tulilifanya kwenye ukumbi wa mwajiri mmoja aliyejitolea kwa moyo mkunjufu, akatupa viti, akatupa hata maji ya kunywa, kisha yeye na wasimamizi wake wakaketi mstari wa mbele. Filamu ilipokwisha, hakuna aliyenyanyua mkono. Maswali yote matatu yaliyoulizwa siku hiyo yaliulizwa na wasimamizi. Tangu hapo natafuta ukumbi wa kata, wa shule au wa nyumba ya ibada, na waajiri nawaalika siku yao peke yao. Wao pia wanahitaji elimu hii, kwa sababu sheria inawataka wawe na mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi, mpango unaosajiliwa kwa Kamishna wa Kazi, na wengi hawajawahi kuusikia.

Hatua ya nne: wazungumzaji

Wawili wanatosha. Mmoja awe wakili au msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na mwingine awe Afisa Kazi au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Msuluhishi wa Tume akialikwa, aombwe kueleza utaratibu tu, kwani hawezi kujadili shauri ambalo kesho linaweza kuwa mezani pake. Wakili apewe sharti moja gumu: asisome sheria kwa zaidi ya dakika 15. Badala yake, kila anayeingia ukumbini apewe karatasi moja yenye kifungu cha 7 kwa Kiswahili chepesi. Nakala ya sheria atakayoitumia wakili iwe ya sasa, kwa sababu Toleo la Urekebu la mwaka 2023, yaani sheria zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na nambari za vifungu anazozikariri mtu tangu chuoni zinaweza kutofautiana na zilizomo humo. Mimi hapa nimetumia mpangilio wa sheria ilivyotungwa.

Hatua ya tano: kanuni za ukumbini

Kabla taa hazijazimwa, mwendeshaji atangaze kwamba hakuna kumtaja mwajiri wala mfanyakazi mwenzako kwa jina, hakuna kurekodi kwa simu, na anayetaka kuuliza bila kujulikana aandike swali kwenye kipande cha karatasi na kukitia kwenye kikapu kinachopitishwa. Vipande hivyo vigawiwe kwa kila mtu pamoja na kalamu, hata kwa asiyeuliza kitu, ili anayeandika asionekane peke yake. Mtu mwenye VVU asilazimike kamwe kujitangaza ili apate jibu. Picha za washiriki zisichukuliwe bila ridhaa yao. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, orodha ya mahudhurio yenye namba za simu si karatasi ya kuachwa juu ya meza.

Hatua ya sita: mjadala wenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo muda mwingi utumike. Usianze kwa kuuliza "mmejifunza nini?" Swali hilo huleta majibu ya shuleni. Tumia kisa cha kubuni, kifupi, kinachofanana na maisha ya hapa, kisha mkipitishe kwenye sheria kama mtu anayepepeta mchele.

Mfano ninaoutumia ni wa mama anayefungasha dagaa waliokaushwa kwa mfanyabiashara mmoja. Hana mkataba wa maandishi. Hulipwa kila Jumamosi. Amefanya kazi miezi mitano, siku sita kwa wiki, kwa saa alizopangiwa, kwenye banda la tajiri na kwa mizani ya tajiri. Tumbo lilipoanza kuonekana, tajiri akamwambia, "Mama, nenda ukapumzike, ukijifungua tutaonana," na keshoye nafasi yake ikajazwa na binti mwingine.

Swali la kwanza kwa ukumbi: huyu ni mwajiriwa au ni kibarua tu? Wengi watasema ni kibarua, hana haki. Hapo wakili alete Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, kinachosema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo walau moja kati ya mambo kadhaa: namna anavyofanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, anapewa vifaa, anamtegemea mtu huyo kwa kipato, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Wapeni watu nafasi wajihesabu wenyewe. Nimeona wazee wakihesabu kwa vidole na kutazamana.

Swali la pili: je, tajiri alimfukuza, au alimhurumia? Watu watagawanyika, na waachwe wagawanyike, kwa sababu ubaguzi wa ujauzito mara nyingi huja umevaa kanga ya huruma. Sheria haiangalii sauti ya maneno. Huangalia kilichotendeka na sababu yake. Amepoteza kazi, na sababu ni ujauzito. Angeachwa aendelee hadi atimize miezi sita kazini, angekuwa na haki ya likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa watoto pacha, na si kuambiwa "tutaonana".

Swali la tatu ndilo linalowasumbua hata mawakili wachanga. Mama huyu ana miezi mitano tu, na masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6. Je, basi? Hapana. Katazo la ubaguzi halina sharti la miezi sita. Linamlinda hata mwombaji wa kazi ambaye bado hajaajiriwa, kwa kuwa kifungu cha 7 kinamhesabu naye kuwa mfanyakazi kwa ajili ya kifungu hicho. Kwa sababu hiyo nasisitiza kifungu hiki kisomwe peke yake, kisizamishwe ndani ya mada ya kufukuzwa kazi.

Swali la nne ni la ushahidi. Watu wengi hukata tamaa wakidhani ni lazima wathibitishe kilichokuwa moyoni mwa mwajiri. Elezeni kwa utulivu: mlalamikaji akionyesha kwa ushahidi wa awali kwamba alibaguliwa kwa msingi uliotajwa na sheria, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kuwa ubaguzi haukutokea, au kwamba alichofanya hakikutokana na msingi huo, au kwamba anao utetezi unaokubalika, kwa mfano sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo. Utetezi huu wa mwisho ujadiliwe kwa mifano miwili inayokinzana. Dereva wa lori kutakiwa awe na uwezo wa kuona ni sifa ya kazi. Karani wa stoo kutakiwa asiwe na mtoto mchanga si sifa ya kazi, ni mapendeleo ya bosi.

Ushahidi wa awali si lazima uwe barua. Ujumbe wa simu, daftari la malipo ya Jumamosi, miamala ya pesa kwa simu, jirani wa bandani aliyesikia maneno, tangazo la kazi lililosema "wanawake wenye watoto wasiombe": vyote hivi vina kazi yake. Mwambie kila mtu aandike leo, kwa mkono wake, tarehe na maneno aliyoambiwa, kabla hayajafifia.

Maswali ya kikapuni yajibiwe baada ya kisa hiki, siyo kabla. Atakayeanza kulia asisimamishwe mbele za watu wala asipewe kipaza sauti. Mmoja wa waandaaji amfuate taratibu na kuketi naye nje.

Hatua ya saba: meza ya mlangoni

Nusu saa ya mwisho si ya hotuba ya kufunga. Ni ya meza. Juu yake kuwe na nakala za Fomu CMA F.1, ile ya kupelekea mgogoro kwenye Tume, kalenda kubwa ya ukutani, na watu wawili wanaojua kuitumia. Anayekuja aulizwe jambo moja kwanza: tukio lilitokea tarehe ngapi? Ihesabiwe kwenye kalenda mbele ya macho yake, na tarehe ya mwisho iandikwe juu ya karatasi yake. Kama ameachishwa kazi, muhesabieni siku 30 hata kama anafikiria kudai ubaguzi peke yake, kwa sababu mabishano kuhusu aina ya mgogoro yasije yakamla muda.

Fomu husainiwa na mlalamikaji, nakala hupelekwa kwanza kwa mwajiri, na uthibitisho kwamba mwajiri ameipata huambatanishwa inapofunguliwa Tume. Wengi hukwama hapa: wanafika na fomu nzuri, ila hawana uthibitisho huo. Ni haki ya mlalamikaji kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, wakili, au mwakilishi binafsi aliyemchagua. Shauri huanza kwa usuluhishi, ambao kwa kawaida hautakiwi kuzidi siku 30. Ukishindikana, huendelea kwenye uamuzi, na asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwisho wa Tume, huomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6.

Baada ya hapo

Mwandaaji mmoja abaki na daftari la tarehe za mwisho, kwa ridhaa ya wenyewe, na apige simu ya kwanza baada ya wiki moja. Siku ya ishirini apige tena. Wapo watakaosema wamepatana na mwajiri, na hiyo ni habari njema iwapo makubaliano yameandikwa. Wapo watakaosema nauli ya kutoka Kasulu au Uvinza haijapatikana, na hapo ndipo akiba ndogo ya onyesho, ile ambayo ingenunua fulana, itumike.

Atakayegundulika amepitwa na siku asirudishwe nyumbani kana kwamba hakuna njia. Tume inaweza kumwongezea muda akijaza Fomu CMA F.2 na kutoa sababu za msingi, lakini mwambieni ukweli tangu mwanzo: atatakiwa aeleze kila siku aliyochelewa, na kwa hiyo kaeni naye siku hiyo hiyo, na ile kalenda ya ukutani, muanze kuziandika.